Majirani wa Kinuni

Hollis Tidwell alikuwa na duka la kuuza na kutengeneza mashine za kukatia nyasi katika mji wetu wa Mossburn, huku Alabama, lakini watu hawakumjua kwa mashine. Walimjua kwa Jumamosi. Timu ya chuo chetu, Korongo, ikiwa inacheza nyumbani, Hollis alikuwa hafungui duka kabisa. Alipakia kwenye pikapu turubai, viti, meza na sufuria kubwa ya kuchemshia karanga, akampandisha mkewe Nadine, akaenda kupiga kambi Kinuni.

Kinuni ndilo jina tulilokipa kile kiwanja cha nyasi nyuma ya uwanja wa mpira wa Kimarekani, palipokuwa na kinu cha pamba enzi za babu zetu. Siku ya mechi kilijaa magari tangu alfajiri. Watu waliteremsha milango ya nyuma ya pikapu, wakawasha majiko, wakala, wakanywa na kubishana mpaka saa ya kuingia uwanjani. Wengine hawakuingia kabisa. Redio walikuwa nayo, na nyama ilikuwa bado motoni.

Mimi na marehemu mume wangu tuliegesha kushoto kwa Hollis. Kulia kwake alikuwa Ezell Bettis.

Walikutana siku ya mvua, wote wawili wakiwa bado vijana wenye nywele kichwani. Hollis alikuwa amenunua pikapu mpya, ndefu, inayong'aa, akaiingiza kwenye matope mpaka ikakaa kama kuku anayeatamia. Alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, tope likamrukia Nadine kuanzia kiatu hadi kofia. Ezell alikuwa amesimama chini ya turubai lake, mwiko mkononi, akitazama.

"Kaka," akasema, "gari lako lina kiburi, ila halina miguu."

"Na lako linayo?" Hollis akauliza kwa hasira.

"Langu halina kiburi. Lina mnyororo."

Akautoa mnyororo, akaufunga, akamvuta Hollis kwa kigari chake cheusi kilichochakaa mpaka penye nyasi kavu, kando ya turubai lake. Hollis akabaki pale pale. Msimu huo wote na yote iliyofuata, kila aliyefika kwanza alimtunzia mwenzake nafasi, akitandaza viti kwenye nyasi ili asije mtu mwingine akaingia.

Ezell alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, lakini ulimi wake ulikuwa kama sindano. Mbavu zake za nguruwe alizianza kuzibanika giza bado halijatoka, kwa moto mdogo na moshi mwingi, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua kifuniko. Mkewe Verdell alileta kunde na mkate wa mahindi. Nadine alileta pudini ya ndizi. Mimi nilileta mayai ya kuchemsha ya kujaza, ambayo Ezell alikuwa akiyahesabia dosari.

"Mwalimu," aliniambia, maana nilikuwa nafundisha shule ya msingi, "haya mayai yamepata alama ya kupita. Kupita kwa shida, lakini kupita."

Baada ya kula ilikuja dhumna. Ezell na Hollis walicheza kwenye ubao uliowekwa juu ya sanduku la barafu, wakibamiza vipande vya madoa mpaka barafu ndani inaruka.

"Lia sasa, Hollis," Ezell alikuwa akisema. "Ukingoja mechi ianze, Korongo watakupa jingine la kulilia."

"Wewe cheza. Maneno hayana madoa."

"Yangu yanayo. Hesabu."

Hollis zamani alikuwa akizungushia kambi yake kamba, kuonyesha mpaka. Msimu wa pili au wa tatu kamba ile ilifunguliwa, Verdell akaianikia mataulo, na sikuiona tena. Watoto wa nyumba zote mbili walikua chini ya turubai moja. Kendra, binti wa Hollis, na Renita, binti wa Ezell, walilala godoro moja nyuma ya pikapu mchana wa joto, na Nadine aliwapepea wote kwa gazeti moja. Tulijua goti lipi la Ezell linauma mvua ikikaribia. Tulijua Verdell anaogopa radi. Renita alipofaulu mtihani wa uuguzi, Hollis alipiga honi ya gari mpaka polisi akaja kuuliza kuna nini, naye polisi akapewa sahani ya chakula.

Lakini Jumamosi ikiisha, kila mtu aliondoka kwenda upande wake. Mji wetu umegawanywa na reli. Weupe, kama mimi na Hollis, tunakaa kaskazini, na weusi, kama akina Bettis, wengi wako kusini. Katazo la kisheria liliondolewa zamani, na bado watu wanaenda upande wao kama maji yanavyofuata mfereji. Miaka yote ile, hakuna kati yetu na akina Bettis aliyewahi kubisha hodi kwa mwenzake. Kinuni kilitutosha. Au tulidhani kimetutosha.

Kiwanja chenyewe kilikuwa na matatizo, sitaki kukipamba. Timu ilipoanza kushinda, watu waliongezeka. Wengine walikuja Ijumaa kuteka nafasi, wakafunga njia kwa magari makubwa ya kulalia. Watu walipigana ngumi kwa sababu ya kipande cha nyasi kisichotosha kulaza ng'ombe. Vyoo vya plastiki vilikuwa vichache na vinanuka, na mvua ikinyesha tulitembea kwenye matope hadi kifundo. Baada ya mechi ungeweza kukaa ndani ya gari mpaka mtoto amalize kazi zake zote za shule, na hujasogea.

Kisha mzee mmoja, aliyekuja kumtazama mjukuu wake akipuliza tarumbeta kwenye bendi, alianguka kifua kikiwa kimembana. Gari la wagonjwa lilifika ukingoni mwa Kinuni likasimama pale, linapiga king'ora, halina pa kupita. Ezell na Hollis na wanaume wengine walimlaza yule mzee juu ya meza yetu ya kukunja, wakambeba mikononi kati ya magari na majiko hadi barabarani. Alipona, lakini wale waliombeba hawakula tena siku ile.

Baada ya hapo chuo kiliunda kamati ya mashabiki kushauri juu ya maegesho na mambo yote ya siku ya mechi. Wakamwita Hollis, kwa kuwa kila mtu alimfahamu. Naye aliichukua kazi ile kwa moyo mweupe. Alikwenda kwenye vikao amevaa shati la kanisani. Alisema juu ya mitaro, juu ya njia pana za gari la wagonjwa, juu ya vyoo vya kujengwa na vivuli vya wazee. Akasema pia kwamba kila nafasi ichorwe mistari na ipewe namba, watu waache kugombana.

Aliporudi Kinuni akamweleza Ezell, akiwa na furaha kama mtu aliyejenga nyumba. Ezell alisikiliza huku akigeuza mbavu.

"Mitaro ni mizuri," akasema. "Vyoo, Mungu akubariki. Lakini hizo namba, Hollis."

"Zina nini?"

"Ukishaandika namba ardhini, kesho atakuja mtu kuuliza ni ya nani."

"Si itakuwa yako na yangu."

"Haya," Ezell akasema. "Wewe ndiye mheshimiwa sasa."

Wakacheka, wakaenda kwenye dhumna.

Mpango ulipokamilika, kijana wa ofisi ya michezo ya chuo, aitwaye Brantley, alimpigia Hollis simu. Alimwambia kwamba wanakamati, kwa shukrani, watapewa nafasi karibu kabisa na lango kuu, chini ya miti, na kila mmoja anaweza kutaja familia moja ya kukaa naye jirani. Wengine wote wataomba, na nafasi zitagawanywa kwa kufuata nani amechangia chuo zaidi na nani ameomba mapema. Hollis aliniambia habari ile kutoka upande wake wa ua, maana nyumba zetu zimepakana, na akaniambia ameshajua atamtaja nani. Sikuuliza. Sote tulijua.

Jioni ile Kendra alikuja kwa baba yake. Alikuwa ameolewa mwaka ule katika familia ya akina Hallbrook, watu wenye uwezo, wenye kampuni ya mbao, na mama mkwe wake alikuwa bado hajamkubali vizuri.

"Baba, wakwe zangu wanaegesha mbali kila mwaka na mama mkwe anaumwa nyonga," akasema. "Ukiwataja wao, utakuwa umenisaidia. Hujui ninavyokaa mle ndani."

"Mwanangu, nafasi ile nilikuwa nimeiweka kwa Ezell."

"Mjomba Ezell hawezi kukasirika. Unamjua. Kwani hawezi kuomba kama wengine?"

Nadine alikuwa jikoni, akasikia yote. Aliniambia baadaye kwamba alitaka kusema neno, akalimeza kwa sababu ya Kendra, na kwamba neno lile halijawahi kushuka vizuri.

Hollis akawataja akina Hallbrook. Alimuuliza Brantley kama kuna njia ya kumsaidia rafiki yake mmoja, Brantley akasema rafiki aombe tu, mapema iwezekanavyo. Hollis akapanga kumweleza Ezell. Lakini mechi zilikuwa hazijaanza, ilikuwa kiangazi, na yeye alizoea kumwona Ezell Jumamosi za mechi tu. Akasema atamwambia wakikutana. Wiki zikapita, mashine za nyasi zikajaa dukani, na lile la kuvuka reli kwenda kumtafuta mtu nyumbani kwake halikumjia kichwani, au lilimjia akaliona zito.

Msimu ulipofunguliwa, Kinuni hukukitambua. Mitaro imechimbwa, njia zimewekwa kokoto, vyoo vina maji na sabuni. Gari la wagonjwa lilikuwa na njia yake ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Kila mtu aliingia kwa kibali, akaongozwa hadi kwenye namba yake, na baada ya mechi tulifika nyumbani chakula hakijapoa. Hata wale waliokuwa wakinung'unika walikiri kwamba ni kazi nzuri. Mimi na mume wangu tulipata nafasi katikati. Ezell alipata ng'ambo, kwenye kiwanja kipya nyuma ya reli, ambako watu huletwa uwanjani kwa basi. Tulisikia kwamba aliomba kwa kuchelewa sana. Tulishangaa, maana Ezell hakuwa mtu wa kuchelewa.

Mechi ya kwanza haikumwona. Mechi ya pili alikuja.

Nilikuwa nimekwenda kwenye kambi ya Nadine langoni kumpelekea mayai, kwa hiyo nililiona jambo lenyewe kwa macho yangu. Ezell aliteremka kwenye basi akichechemea, amebeba sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha. Kwenye uzio wa kambi za langoni alisimamishwa na mlinzi.

"Huna utepe mkononi, mzee," mlinzi akasema.

"Namletea rafiki yangu chakula. Yule pale, mwenye kofia ya kijani."

"Akuone yeye mwenyewe aje akuchukue."

Hollis alikuwa amempa mgongo, anaongea na mzee Hallbrook na wageni wake, watu wa makoti mepesi na miwani ya jua. Nadine akamgusa bega. Alipogeuka na kumwona Ezell, uso wake ulifurahi kweli, sitamnyima hilo. Alikwenda mbio, akamshika mkono, akamleta mpaka mezani.

Wale wageni wakatazama. Hollis akababaika. Hakuwa amezoea kumtambulisha Ezell kwa mtu yeyote, kwani Kinuni hakuna aliyehitaji kutambulishwa.

"Huyu ni Ezell," akasema. "Kule Kinuni cha zamani alikuwa akitupikia nyama. Hamjala mbavu kama zake."

"Kumbe," akasema mama Hallbrook kwa tabasamu. "Unapika kwenye sherehe pia? Tuna harusi ya mpwa wangu mwezi ujao."

Ezell aliiweka sahani mezani taratibu, akainyoosha karatasi iliyokuwa imekunjamana.

"Hapana, mama," akasema. "Mimi napikia nyumbani kwangu tu."

Akamuuliza Nadine hali ya mgongo wake. Akaniambia, "Mwalimu, uko salama?" Hakusema lolote juu ya mayai. Kisha akasema basi la kurudi halimngoji mtu, akaenda zake. Hollis alimsindikiza mpaka kwenye uzio akiongea bila kukoma, akisema msimu ujao atarekebisha kila kitu. Ezell alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu.

Ndani ya gari, wakirudi, Nadine alimwambia mumewe, "Umesema alikuwa akitupikia."

"Si alikuwa akipika?"

"Tulikuwa tunapika sote, Hollis. Tunakula sote. Wewe umemtaja kama mtu wa kuajiriwa."

Hollis aliegesha gari nyumbani. Kisha akasema kwamba Jumamosi ijayo atakwenda ng'ambo kumwomba radhi. Jumamosi iliyofuata timu ilicheza ugenini. Ile ya baadaye wakwe walikuwa na wageni. Ile nyingine mvua ilinyesha. Mtu akiwa na aibu, kila wingu ni mvua. Msimu ukaisha.

Mwaka uliofuata, mechi ya kwanza, alipanda basi akavuka reli. Nafasi ya Ezell ilikuwa na vijana wawili waliooana karibuni, wakikaanga soseji. Walimwambia yule mzee amerudisha kibali chake. Nadine alikuwa na namba ya simu ya nyumbani kwao, ya zamani, nayo ilikuwa imekatwa. Hollis akarudi amekaa kwenye basi lile kati ya watu wanaoimba, na ndipo, alivyoniambia, ilipomjia kwamba hajui Ezell anakaa wapi. Alimjua mbwa wake kwa jina. Mtaa wake hakuujua.

Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimefungwa, hapakuwa na wa kumuuliza huko. Akaanza kuwauliza wateja dukani. Mmoja wao, mwanamke mweusi aliyeleta mashine yake inolewe kisu, alicheka.

"Ezell wa mbavu? Si huyo hapo nyuma ya shule ya zamani. Nyumba ya kijani yenye baraza pande mbili."

Ilikuwa karibu na duka kuliko nyumba yake mwenyewe. Hollis alikuwa amepita mbele yake mara nyingi akipeleka mashine za watu.

Alikwenda Jumapili baada ya kanisa, peke yake. Verdell ndiye aliyefungua mlango. Kinuni alikuwa akimwita "wewe Hollis," na akimpiga mkono kila alipomkuta akidokoa chakula.

"Karibu, Bwana Tidwell," akasema. "Yuko baraza ya nyuma."

Hollis aliniambia kwamba alitamani kugeuka pale pale mlangoni.

Ezell alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Alikuwa amekonda. Alimkaribisha kiti, Verdell akaleta chai baridi kwenye bilauri nzuri za wageni, akaingia ndani. Wakazungumza kidogo juu ya timu na mlinzi wake mpya wa nyuma. Kisha Hollis akasema amekuja kuomba radhi.

"Kwa lipi?" Ezell akauliza.

"Kwa lile neno."

"Neno gani?"

"Kwamba ulikuwa ukitupikia."

Ezell akatazama bustani. "Lile lilinikaa siku mbili tatu," akasema. "Siwezi kusema halikuniuma. Lakini ulimi hauna mfupa, na wewe wako siku zote ulikuwa mlegevu. Ningekuwa nimekusamehe kabla hujafika kwenye gari."

"Basi kwa nini hukuja tena?"

"Unataka nikwambie?"

"Niambie."

"Yule kijana wa chuo, Brantley, alikuja upande huu kabla ya msimu, akatueleza utaratibu pale ukumbini kwetu. Akasema wanakamati wanataja kila mmoja familia moja ya kukaa nao. Verdell alikuwa na kalamu mkononi tayari, anataka tuombe siku ile ile. Nikamwambia weka kalamu. Nikamwambia, sisi tumeshatajwa." Akanywa chai kidogo. "Nikakaa. Mwezi ukaisha, sikusikia kitu. Nikasema ofisi zina mambo mengi. Mpaka Renita alipopiga simu kuuliza, nafasi zote za Kinuni zilikuwa zimekwisha."

Hollis alijaribu kueleza juu ya Kendra na mama mkwe.

"Mtoto ni mtoto," Ezell akasema. "Renita angeniomba vile, sijui ningefanyaje. Pengine ningefanya kama wewe. Lakini ningekuja kukwambia. Ningebisha hapo mlangoni kwako niseme, Hollis, mambo yako hivi, nimebanwa. Ungenitukana, tungecheka, tungeomba mapema, tungepata namba mbili za nyuma huko zisizo na mti hata mmoja. Ningekaa nawe juani."

"Nitaiacha ile nafasi," Hollis akasema. "Nitakuja ng'ambo. Tutaanza upya."

"Goti hili halipandi basi tena. Siku hizi natazama mechi humu ndani, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Kocha akikosea namtukana bila kuvaa viatu." Alitabasamu, na Hollis akatabasamu, kisha ikawa kama hakuna aliyejua cha kufanya na tabasamu hilo.

Alipoondoka, Ezell alimwambia uje tena, namna watu wanavyosema. Hollis alisema atakuja.

Alimaanisha. Nilimsikia akimwambia Nadine mara kadhaa kwamba Jumamosi ijayo atakwenda watazame pamoja. Lakini alihisi kwamba kwenda bila kualikwa ni kujilazimisha, na kungoja mwaliko ni kiburi, akabaki katikati kama mtu aliyesimama kwenye mlango wa kanisa misa imeshaanza. Krismasi alimpelekea nyama ya paja kupitia kwa mteja. Verdell alirudisha shukrani na chupa ya achari.

Masika Ezell alikufa. Moyo, usingizini.

Tulikwenda mazikoni, Hollis, Nadine, Kendra na mimi. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama kando ya kuta. Sisi tulikaa nyuma. Mmoja baada ya mwingine walisimama kumsemea marehemu, na nikamwona Hollis akizidi kuinama. Walisema Ezell alikuwa akipiga piano kanisani humo tangu ujana wake, na kwamba kwaya ile aliifundisha yeye. Walisema alikuwa mtu wa kusitasita mbele za watu mpaka akae kwenye piano. Walisema alizika watoto wawili wachanga kabla Renita hajazaliwa. Hatukujua hata moja kati ya hayo. Tulijua anavyobanika mbavu.

Kendra alilia kuliko sisi sote. Baada ya ibada alikwenda kwa Renita, wakakumbatiana muda mrefu, lakini walipoachana waliongea kama watu waliosoma shule moja zamani, wakaulizana watoto wangapi. Verdell alimpa Hollis mkono na kusema asante kwa kuja. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Nadine alisema afadhali ubaya huo ungekuwapo.

Hollis aliirudisha nafasi ya langoni. Akina Hallbrook walibaki na yao, na mwisho wa yote mama mkwe alimkubali Kendra, kwa sababu ya mjukuu. Kamati ilipoita tena maoni, Hollis aliomba kitu kimoja tu, kwamba watu waliozoea kukaa pamoja waruhusiwe kuomba pamoja, kama kundi, bila kuangalia nani amechangia nini. Walibishana naye vikao vingi. Safari hii hakuvaa shati la kanisani wala hakuongea vizuri, alirudia tu jambo lile lile mpaka wakachoka. Utaratibu huo upo sasa, na ni mzuri. Nimeona familia zimewekwa ubavu kwa ubavu kwa sababu yake, na hakuna hata mmoja anayejua ulitoka kwa nani.

Yeye hapigi kambi tena. Anakuja mapema kwa miguu, anaingia uwanjani majukwaa yakiwa bado matupu, anakaa. Watu wakimsifu kwa jinsi Kinuni kilivyopendeza, anajibu kwamba ni kweli, kimependeza. Haoni sababu ya kusema uongo.

Jumamosi iliyopita nilimshika mkono akipita, nikamlazimisha ale kwangu. Alikula akiwa amesimama. Majirani zangu wa kulia siku hizi ni familia ya vijana kutoka kusini ya reli, baba anafundisha hesabu, mama ana kicheko kikubwa, watoto wao wanakuja kuomba barafu kwenye sanduku langu kama la kwao. Hollis aliwasalimu, akawauliza majina, akayarudia polepole ili ayashike.

"Umekaa nao muda gani?" akaniuliza walipogeuka.

"Huu msimu wa tatu."

"Umeshafika kwao?"

Nikasema bado.

Alitikisa kichwa, akanishukuru kwa chakula, akaweka sahani mezani, akaenda zake uwanjani.